Rimoti Iliyonifia Uani kwa Wakwe

Mimi kukaa sijui. Kanisani nachagua benchi ya mwisho karibu na mlango, na mahubiri yakivuka nusu saa natoka nje kuangalia kama gari bado lipo. Kwa kinyozi namharakisha mpaka natoka upande mmoja wa kichwa umenyolewa vizuri kuliko ule mwingine. Kuna watu wanaosema ni ugonjwa. Mimi nasema ndicho kitu kilichonitoa mtaa wa mabanda wa Kipsongo. Aliyejua kukaa bado amekaa huko huko, anangoja kuitwa kibarua.

Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Kati wakitafuta shamba. Shamba likakosekana, tukaishia kwenye chumba cha mabati kilichovuja pande zote. Mimi darasa la nne ndilo la mwisho kukaa kwenye dawati. Nikaokota vyuma, nikasukuma mkokoteni, nikaziba panchari za baiskeli, na kabla sijafika miaka thelathini na tano nilikuwa na duka la misumari na mabati mjini Kitale, jina langu juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Sisemi haya kujisifu. Nasema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyefika Myanga kwa wakwe ile Jumamosi na rimoti mfukoni.

Ilikuwa miaka ile ambayo simu yenye tochi ilikuwa fahari ya mtu. Mimi nilikuwa na gari jeupe lililotoka Japani, na si gari tu, gari lenye alamu. Fundi aliifunga chini ya usukani, akanipa rimoti mbili ndogo zenye vitufe viwili viwili. Ukibonyeza cha juu, gari linalia twii na milango inajifunga. Ukibonyeza cha chini linalia twii-twii, inafunguka. Na mtu akifungua mlango bila rimoti, hata kwa ufunguo wenyewe wa chuma, king'ora kinapiga mayowe na injini haiwaki. Fundi alitaka kunieleza mara mbili. Nikamwambia nimeelewa mara ya kwanza.

Rimoti moja niliivalisha karatasi ya nailoni nikaikaza kwa mpira, kama watu wanavyofanya na rimoti ya televisheni. Ya pili niliiweka ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, sanduku nikalipiga kufuli. Viti vya gari nilivishonesha upya, na nailoni aliyovifunika nayo fundi sikuitoa. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Makochi yalikuwa na nailoni, mlango wa friji ulikuwa na nailoni, hata saa ya ukutani ilikuwa na yake. Mtu aliyekua akivaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu watatu anajua kwa nini.

Mke wangu hakuwa amekua hivyo. Yeye ni wa huko Myanga, mbele ya Bungoma, binti wa karani wa serikali aliyestaafu. Amefika kidato cha nne, na ndiye aliyekuwa akinisomea barua za duka zikija na maneno makubwa. Aliniomba nimfundishe kuendesha gari. Nikamwambia gari si jembe. Akaomba tena baada ya Krismasi, nikajifanya sijasikia.

Kisha siku moja nilikuwa Ndalu kutafuta mahindi ya kununua. Nilienda na lori la rafiki, gari langu nikaliacha uani chini ya turubai. Akina mama wa kanisa walikuwa na wageni wa kupikia, na zile sufuria kubwa za chama chao zilikuwa kwetu. Mke wangu akanipigia simu. Alisema binamu yake dereva yuko hapo azipeleke kwa gari, akaniuliza ufunguo wa lile sanduku uko wapi.

"Hiyo rimoti si ya kuchezewa," nikamwambia, nikakata simu.

Akapakia sufuria kwenye mkokoteni wa kukodi, akaufuata kwa miguu ndani ya mvua ya saa nane. Karibu na Kipsongo mkokoteni ukapinduka. Sufuria zikabingirika kwenye matope mbele ya watu wanaonijua tangu nikiokota vyuma. Wakacheka. Nimeambiwa mmoja aliuliza kwa sauti kama gari la bwana limetahiriwa linauguza kidonda, maana halitoki ndani.

Niliporudi jioni alikuwa anaosha sufuria ya mwisho.

"Vitu vyako vyote umevivalisha nailoni," alisema. Hakupandisha sauti. "Siku moja utanivalisha na mimi."

Asubuhi akachukua begi akaenda kwao.

Nilifikiri ni mambo ya siku mbili. Zikawa wiki mbili. Watoto walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilibaki na mimi na makochi. Nikikaa juu ya ile nailoni inalia kwaru, nikiinuka inalia kwaru, na hakuna sauti nyingine. Nilikuwa natembea kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi uani, nafungua friji naifunga, nashika rimoti nabonyeza, twii, nabonyeza tena, twii-twii, ili tu kitu fulani kinijibu. Jirani yangu, mzee wa kanisa, alikuwa ananitazama juu ya ua.

Ndipo rimoti nayo ikaanza kuchoka. Mwanzo ilitaka kubonyezwa mara mbili, halafu mara nne, halafu uwe umesimama karibu kabisa na mlango. Nikaenda kwa fundi wa saa pale sokoni Kitale, mzee mwenye kioo cha kukuzia alichokibana jichoni. Betri yenyewe ni kidude cha duara, bapa kama sarafu. Akanipa moja mpya na kusema, "Sasa ukiifungua, kabla ya kuiweka—"

"Betri nimeweka tangu za redio," nikamkata. "Mimi ni fundi pia."

Akarudisha jicho kwenye saa yake. Nami nikaitia betri kwenye pochi. Sikuibadilisha siku hiyo kwa sababu ile ya zamani haikuwa imekufa kabisa, na mimi situpi kitu kinachopumua.

Jumamosi iliyofuata nikaamua kwenda kumchukua mke wangu. Watu wote wa pande hizi, wetu na wa kwao, wanajua jambo hilo linafanywaje. Mtu haendi peke yake. Anakwenda na msemaji, mtu mzima mwenye ulimi mpole, anayekaa akanywa chai na kuomba msamaha polepole kwa niaba yako huku wewe ukiangalia viatu. Jirani yangu alikuwa ameshajitolea. Alikuja asubuhi amevaa koti, bakora mkononi.

"Ngoja nikusindikize," akasema.

"Gari limejaa, mzee."

Akachungulia ndani. Kulikuwa na viti vinne vitupu vinang'aa nailoni. Zawadi zilikuwa kwenye buti: blanketi zito, sukari, majani ya chai na kitambaa cha mama mkwe. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akavua koti lake, akarudi kwake. Mimi nikaona mtu anayefika na gari la namna hii hana haja ya kusemewa.

Nilifika Myanga jua likiwa karibu na utosi. Nikaegesha katikati ya ua, pale linapoonekana kutoka barabarani. Zawadi huzitoi kabla hujakaribishwa, kwa hiyo nikafunga milango nikabonyeza rimoti. Gari likalia twii, sauti ndogo kama ya kifaranga. Nilitaka watu wasikie vizuri zaidi, nikabonyeza tena. Kimya. Nikasogea karibu, nikabonyeza kile cha kufungua. Kimya. Ile taa ndogo nyekundu kwenye rimoti ilimeta mara moja ikazimika, na nikajua imenifia hapo hapo, gari limefungwa, alamu iko macho, na kila kitu nilichokuja nacho kiko ndani.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani na gazeti. Ni mtu wa taratibu. Husoma gazeti lote hata matangazo ya vifo, na hajibu salamu mpaka amalize mstari.

"Karibu, mkwe."

"Asante, baba. Mko salama?"

"Tuko salama. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na gari, baba."

Aliliangalia gari. Akakunja gazeti, akalikunja tena, na tena, mpaka likawa dogo kama bahasha. "Haya," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nikainuka. Nikasema naangalia tairi. Uani walikuwa wameanika nafaka ya wimbi juu ya magunia, nami nikaanza kuzunguka gari, mkono mfukoni, kidole gumba juu ya kitufe, nabonyeza, nabonyeza.

Nieleze kitu kimoja kwa wasiojua. Kwa watu wa huko, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hampeani mikono, hamli pamoja, na jikoni kwake huko usifikirie hata kuchungulia. Anaweza kuwa hatua tatu kutoka kwako, nyuma ya ukuta wa udongo, kila mmoja anasikia kikohozi cha mwenzake, lakini maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Huyo wa tatu siku hiyo alikuwa mke wangu. Alikuwa ametoka jikoni na sinia la chai, na hakunitazama.

"Mwambie mkwe asikanyage wimbi yangu," sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Ati usikanyage wimbi," mke wangu akasema, akiangalia chai.

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Basi mbona mguu uko hapo?"

Nikaondoa mguu. Baba mkwe akasema tuombe kwanza. Aliomba kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wagonjwa mmoja mmoja, kwa ajili ya waliosafiri, na mimi nilikuwa nimefumba jicho moja, lile lingine liko kwenye gari, na kidole kiko kazini mfukoni. Nilikuwa nafikiri hivi: huyu mzee wakati nilipomposa binti yake alisema hana neno na mtu maskini, ila mtu asiyesoma atashindwa na vitu vidogo. Nilimjibu kwa miaka kumi na mitano ya vitu vikubwa. Sasa kitu kidogo kuliko kifungo cha shati kimenikalia kooni, uani kwake, na binti yake yupo hapo hapo. Hapo nilijua nikishindwa kufungua lile gari nitaondoka bila mke. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nayo kichwani, na wala haikuhitaji darasa la tano.

"Amina," tukasema. Nikainuka kabla herufi ya mwisho haijatua.

"Nipatie kisu kidogo," nikamwambia mke wangu.

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza. "Cha nini?"

"Betri ya rimoti imeisha. Nabadilisha. Ni dakika moja."

"Kuna fundi wa redio hapo sokoni," baba mkwe akasema. "Tunaweza kutuma mtu amwite."

"Fundi ndiye huyu, baba."

Kisu kikaja. Nikavua nailoni ya nje, nikaweka rimoti juu ya boneti, nikafungua skrubu moja kwa ncha ya kisu. Skrubu ilikuwa ndogo kama jino la panya. Iliruka ikaangukia kwenye wimbi, na wimbi ikaimeza. Nilipiga magoti kuitafuta. Sauti nyuma ya ukuta ikauliza mkwe anaomba tena au anafanya nini, na mke wangu akajibu kwamba anatafuta kitu.

Niliacha skrubu. Nikapasua rimoti katikati kama ganda la karanga, nikatoa betri ya zamani. Sasa mimi nimelelewa na redio moja ya mawe manne, zile betri nene, na kila mtu wa umri wangu anajua mawe yakichoka unafanya nini. Unayauma kidogo kwa meno, halafu unayaanika juani. Nikaiuma ile betri. Ilikuwa ngumu kama sarafu na haina ladha. Nikaianika juu ya boneti, nikaanza kuzunguka.

"Za redio ndizo huanikwa," baba mkwe akasema kutoka barazani.

"Betri ni betri, baba."

"Chai inapoa."

Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, mafunda matatu, ikaniunguza ulimi. Nikarudi kwenye boneti, nikairudisha betri, nikabonyeza. Taa ilimeta kama mtu anayekonyeza, basi. Nikatoa pochi. Hapo sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa na mpya, nami ndiye niliyefikiria kununua mpya mapema. Niliitoa. Ilikuwa inang'aa, imefunikwa pande zote kwa ngozi nyembamba ya nailoni, laini kama ganda la ndani la kitunguu. Niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Nilipitisha kidole juu yake na nikasema moyoni, vizuri, hii itaikinga na jasho na kutu, itakaa miaka. Nikaiweka nayo.

Nikabonyeza. Kimya.

Nikaigeuza, maandishi chini. Kimya. Nikaigeuza tena. Nikapuliza ndani. Nikasugua ule ulimi mdogo wa chuma kwa shati. Nikabonyeza nikiwa nimeielekeza kwenye kioo, kwenye taa, chini ya usukani. Majirani wawili walikuwa wameshafika kwenye ua, wameegemeza viwiko.

"Hiyo gari imekataa mwenyewe?" mmoja akamuuliza mwenzake, kana kwamba mimi sipo.

"Labda inataka mahari."

Damu ikanipanda. Nikasema kama ni zawadi, nitazitoa kwa ufunguo wa chuma, nitoe blanketi, nitoe sukari, watu waone nimekuja na vitu. Nilijua kitakachotokea. Fundi alinieleza. Lakini mtu asiyejua kukaa mkono wake huenda kabla ya kichwa. Nikaingiza ufunguo nikafungua mlango nifikie kifyatuo cha buti.

Sijui kama umewahi kusikia king'ora cha gari mahali ambapo hakijawahi kusikika. Kuku walipotea. Ng'ombe wa jirani akakata kamba. Watu wakatoka kwenye mashamba ya mahindi na majembe mabegani, wakidhani ni mwizi, na mwizi waliyemwona ni mimi, nimesimama na ufunguo. Nikaufunga mlango, kikaendelea. Nikaufungua, kikaendelea. Kilipiga mayowe yote kinayoyajua, ya ambulensi, ya polisi, ya mbwa aliyekanyagwa, kisha kikanyamaza chenyewe, kikapumzika kidogo, kikaanza upya. Baba mkwe hakuinuka. Aliweka kikombe chake chini, akangoja. Kilipokoma kwa mara ya pili, akasema kwa sauti yake ile ile ya ofisini:

"Nilikuuliza umekuja na nani, ukasema umekuja na gari. Sasa gari limesema. Sisi tumelisikia. Lakini hatujaelewa limeomba nini."

Watu wakacheka uani kote. Mimi nimechekwa Kipsongo, nimechekwa na watu wenye madeni kwangu, sikujali. Hapo nilijali. Nilikuwa nimeshika vipande viwili vya rimoti, kimoja kila mkono, na sikuwa na la kufanya kwa mikono hiyo.

Mke wangu akashuka barazani.

"Leta."

"Ni betri mbaya. Yule mzee wa saa ameniuzia takataka."

"Leta, Baba watoto."

Nikampa. Akaitoa betri, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza. Halafu akaingiza ukucha pembeni akavuta, na ile ngozi ikatoka taratibu, nzima, ikajikunja kwenye ncha ya kidole chake. Nilikuwa nangoja acheke kama wale wengine, ingekuwa afadhali. Hakucheka.

"Hata betri?" akaniuliza.

"Nilitaka isichakae," nikasema.

"Basi haijachakaa."

Nyuma ya ukuta wa jikoni mtu alicheka kwa pua akajizuia. Mke wangu akairudisha betri mahali pake, akakutanisha vipande viwili kwa vidole, akabonyeza. Twii-twii. Sauti nzito, yenye afya, iliyosikika mpaka barabarani. Mmoja wa wale waliokuja na majembe akapiga makofi.

Nikatoa zawadi kwenye buti. Blanketi likapokewa, sukari ikapokewa, kitambaa kikapelekwa jikoni na nikasikia shukrani kupitia kwa mtu wa tatu. Nikadhani mambo yamekwisha. Nikamwambia mke wangu, "Haya, chukua begi twende."

Alimwangalia baba yake. Baba yake akaliangalia lile gazeti lililokunjwa.

"Mkwe," akasema, "binti yangu hakuletwa kwako na gari. Aliletwa na watu. Rudi na mtu mmoja anayeweza kukaa, atuambie ni nini kilitokea na ni nini hakitatokea tena. Sisi hatukufukuzi. Chai ipo."

Nikafunga buti. Mke wangu alinisindikiza hadi kwenye mlango wa gari, akanipa rimoti ikiwa imekazwa kwa mpira badala ya skrubu.

"Ukirudi," akasema chini chini, "kuja na ile ya sanduku."

Nimeendesha barabara ile mara nyingi lakini sijawahi kuiona ndefu kama siku hiyo. Nilipofika Kitale sikuvua hata viatu. Nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikafungua kufuli, nikatoa rimoti ya pili. Ilikuwa inang'aa kama siku iliyoletwa. Nikaenda nayo uani, nikabonyeza. Haikusema kitu. Nikabonyeza mara kumi. Ilikuwa imekufa ndani ya sanduku bila kufungua mlango hata siku moja. Hiyo iliniuma kuliko kicheko cha Myanga, na sikuwa na mtu wa kumwambia ila yule mzee juu ya ua, ambaye hakuniuliza.

Jumatatu nikarudi kwa fundi wa saa na ile rimoti ya sanduku. Akanipa betri nyingine. "Sasa ukiifungua," akaanza, kisha akanitazama kwa lile jicho lenye kioo, akingoja nimkate. Nikamwacha amalize. Ilichukua muda, maana naye ni wa taratibu. Niliibadilisha mwenyewe, pale pale kwenye meza yake, na nailoni nikaitoa kwa ukucha, na skrubu sikuipoteza. Naweza kusema bila uongo kwamba tangu siku hiyo nimebadilisha betri za rimoti za nusu ya wenye magari wa mtaa wetu, na hakuna hata moja iliyonishinda.

Jumamosi nikagonga kwa jirani. Alikuwa ameshavaa koti.

"Leo gari lina nafasi?" akauliza.

"Lina nafasi, mzee."

Alisema yote kwa niaba yangu huko Myanga, na alisema polepole kiasi kwamba nilihesabu mabati ya paa la barazani mara tatu. Aliomba msamaha kwa ajili ya sufuria, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya simu niliyokata, na kwa ajili ya kumwacha yeye mwenyewe nyumbani na koti lake, jambo ambalo hatukuwa tumekubaliana aliseme. Chai ilipoa, nikainywa baridi, nimekaa. Mwishowe baba mkwe akatia mkono mfukoni, akanipa kikaratasi kilichokunjwa.

"Imetoka kwa mama mkwe wako. Aliipata kwenye ungo akipepeta wimbi."

Ndani kulikuwa na ile skrubu.

Kisha nikatoa rimoti ya pili nikampa mke wangu mbele ya wote. Aliijaribu kutoka barazani, twii, twii-twii, akaitia kwenye mkoba wake. Kabla ya kuingia garini alifungua mlango wa mbele, akaingiza kucha kwenye mshono wa kiti, akavuta. Ile nailoni ilipasuka kutoka juu hadi chini, na mlio wake niliusikia kwenye meno. Akaikunja, akampa mama yake kupitia mlango wa jikoni, akisema itafaa kufunikia wimbi mvua ikija. Makochi ya nyumbani yalikaa na yake mwaka mwingine mzima, mambo hayatoki yote siku moja.

Tulipofika Kamukuywa akasema nisimame, anataka nyanya. Jirani yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Mke wangu akashuka, akavuka barabara hadi kwa mama mmoja aliyepanga nyanya mafungu mafungu. Nilizima injini. Nilikuwa tayari nimeshika mpini wa mlango nimfuate, nimharakishe, nimwambie za Kitale ni nzuri zaidi, aliponyoosha mkono bila kugeuka.

Twii.

Milango yote ikajifunga. Nilitazama ule mpini. Ningeufungua, king'ora kingelia, na watu wa Kamukuywa wote wangekuja kuona mwizi ndani ya gari lake mwenyewe. Rimoti yangu ilikuwa kwenye koti langu, na koti lilikuwa kwenye buti. Ng'ambo ya barabara mke wangu aliinama, akachukua nyanya moja, akaibonyeza, akairudisha. Akachukua nyingine. Yule mama muuzaji akamwambia kitu wakacheka wote wawili, kisha akavuta kigoda akampa akae.

Akakaa. Nami huku ndani nikaondoa mkono kwenye mpini, nikauweka juu ya goti, nikakaa.